Pilipili Iko Kwenye Chungu Chake: udadisi wa mashujaa wa kike wa distopia

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Mwezi uliopita alinitumia insha yake kwa WhatsApp niipitie kabla hajaikabidhi. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba Katniss Everdeen, shujaa wa The Hunger Games, riwaya ya vijana wanaolazimishwa kuuana mbele ya televisheni, "ni msichana mwenye udadisi mkubwa". Nikamjibu: nitafutie ukurasa mmoja tu ambapo Katniss anauliza kwa sababu anataka kujua, si kwa sababu anataka kubaki hai. Akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu ikaingia sauti yake, imejaa kukereka: "Shangazi, huyu mtu haulizi kitu!"

Kweli haulizi. Katika riwaya hiyo ya mwaka 2008, Suzanne Collins alimchora msichana aliyefunga mdomo mapema. Alipokuwa mdogo, Katniss alimtia mama yake hofu kwa maneno aliyokuwa akiyasema kuhusu Wilaya ya 12 na watu wanaoitawala nchi ya Panem kutoka Capitol, mji wake mkuu. Akajifunza kuuma ulimi na kuuvisha uso wake kinyago kisichosomeka. Anajua mitego, anajua mizizi inayolika, anajua sehemu ya uzio inayopenyeka na nani atampokea kindi mlangoni kwake bila maswali. Hayo ni maarifa ya mwindaji, na mwindaji hutega sikio kwa sababu nyumbani hakuna cha kuinjika.

Hata hivyo, ukisoma lolote lililoandikwa kuhusu mabinti wa riwaya za namna hii, yaani za distopia, utaambiwa kwamba kinachowaunganisha ni udadisi. Limekuwa kama muhuri: kila binti anagongewa. Nadhani vurugu inatokana na kutia mambo matatu katika gunia moja. Kuna tahadhari, kuna ubishi, na kuna udadisi. Mwenye tahadhari anatazama ili asidhurike. Mbishi jibu analo tayari, ila hakubaliani nalo. Mdadisi hajui, na kule kutojua kunamwasha. Katniss amejaaliwa hayo mawili ya kwanza hadi yanamwagika. La tatu inabidi tulitafute kwa wengine, kisha turudi kwake, maana mwishoni kuna jambo dogo linalompata mbele ya televisheni.

Kiswahili chenyewe kinaonyesha jinsi sifa hii inavyotutatiza. Mwalimu akiandika kwenye ripoti kwamba mtoto "ni mdadisi", mzazi anafurahi. Sogea hatua moja, mtoto huyohuyo anadodosa. Hatua nyingine, anachokonoa, anapekua, anachungulia. Neno kudukua, ambalo leo tunalitumia kwa wezi wa kompyuta, lilikuwepo kabla ya kompyuta, na lilimhusu mtu anayetegea sikio siri za wenzake. Kisha yapo majina ya mhusika mwenyewe: mbea, kimbelembele, kiherehere. Mvulana akifungua redio ya babu yake na kushindwa kuirudisha, watu husema huyu atakuwa injinia. Msichana akiuliza mgeni wa jana usiku alikuja kutafuta nini, anaambiwa aache umbea. Yote mawili nimeyasikia katika nyumba moja, wiki moja.

Methali nazo zimegawana kazi. "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo" tunaiandika ukutani shuleni. "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" tunaambiwa jikoni. Watu hudhani hizi mbili zinapingana, lakini tazama sharti lililojificha ndani ya ile ya pili: usiyoila. Methali haimkatazi mtu kuuliza juu ya pilipili anayoila. Na riwaya ya distopia, kwa kadiri ninavyoielewa, ni hadithi ya mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba pilipili ile si yake, mpaka siku anapogundua kwamba imekuwa ikisagiwa kwenye chungu chake mwenyewe.

Distopia ni nchi ya kubuni ambayo imepangwa sana. Kila mtu ana kazi, kila siku ina ratiba, na kila jambo lina maelezo yake rasmi. Nchi ya vita na vurugu tupu haihesabiki humu, maana pale kila mtu anaona kwamba mambo yameharibika. Distopia inahitaji uso wa utulivu. Jibu limeshatolewa kabla swali halijaulizwa, na kuuliza tena ni kama kumwambia mwenyeji kwamba chakula chake hakijaiva.

Chukua mji wa Ember. Riwaya ya Jeanne DuPrau, The City of Ember, ya mwaka 2003, mara nyingi huwekwa kwenye rafu ya watoto kwa sababu Lina Mayfleet ana miaka 12 tu, lakini sijaona kitabu kinachoonyesha kwa uwazi kama hicho udadisi unavyofanya kazi. Ember ni mji usio na anga. Juu ni giza, na mwanga wote hutoka kwenye taa za umeme zinazozimwa usiku na kuwashwa asubuhi. Hakuna tochi. Hakuna mshumaa. Hakuna hata aliyewahi kuona mwanga unaobebeka mkononi, kwa hiyo hakuna awezaye kwenda mbali kupita taa ya mwisho. Waliojenga mji walikusudia udumu miaka 200, pengine 220. Hadithi inaanza mwaka wa 241. Taa zinakatika ghafla mchana, maghala ya vyakula vya makopo yanakauka, na meya anasimama mbele ya watu kuwaambia watulie.

Msomaji anayeishi na mgawo wa umeme atauelewa mji huo haraka kuliko yule aliyekusudiwa na mwandishi.

Wajenzi hawakuwa wajinga. Waliandika maelekezo ya kutoka mjini, wakayatia ndani ya kisanduku chenye kufuli la kuhesabu muda, kikabidhiwe kutoka meya hadi meya, kisha kifunguke chenyewe miaka itakapotimia. Meya wa saba alikuwa mgonjwa. Akakichukua nyumbani akitumaini ndani mna dawa, akajaribu kukivunja, akashindwa, akafa kabla ya kukirudisha. Siri ikafa naye. Kisanduku kikajifungua chenyewe gizani, kabatini, bila shahidi. Lina ni wa uzao wa meya huyo, na kisanduku kilikuwa nyumbani kwao muda wote. Alipokifikia, mdogo wake Poppy, mtoto wa kutia kila kitu mdomoni, alikuwa ameshaitafuna ile karatasi.

Hapo ndipo hadithi ingeweza kufia, na ndipo inapoanza. Lina anabaki na vipande vyenye matundu, maneno yaliyokatika kati, herufi zinazoashiria kitu bila kukitaja. Anavigandisha kwenye karatasi nyingine na kuanza kukisia.

Mwaka 1994 George Loewenstein, mtafiti wa saikolojia na uchumi wa Marekani, alichapisha makala iliyoeleza udadisi kama pengo: umbali kati ya kile mtu anachojua na kile anachotaka kujua. Ukifuata hoja hiyo, udadisi hauzaliwi na ujinga mtupu. Asiyejua lolote juu ya jambo hana hamu nalo. Haoni hata kwamba kuna linalokosekana. Unahitaji kwanza kujua kiasi, kisha ukose kipande. Ni kama jino lililong'oka: ulimi hautulii, unarudi palepale mchana kutwa, lakini hakuna ulimi unaokwenda kutafuta jino ambalo halijawahi kuota.

Karatasi ya Lina ni hoja hiyo iliyotafunwa na mtoto mdogo. Kama ingekuwa nzima, ingekuwa amri ya kutekelezwa, na yeyote angeweza kuitekeleza. Kama ingeliwa yote, Lina angebaki kama majirani zake. Matundu ndiyo yaliyomfanya msomaji. Kwa mwandishi wa riwaya hili ni jambo la ufundi kabisa: akitaka binti adadisi, haitoshi kumwandikia kwamba "alikuwa mdadisi". Lazima amtengenezee kitu chenye tundu.

Na DuPrau hamtakasi Lina. Binti huyu huchora mji wenye mwanga ambao hajawahi kuuona, na anatamani penseli za rangi kiasi cha kuumia. Anazipata kwa bei ya kuruka, dukani kwa kijana anayeuza vitu adimu bila kueleza anakovitoa. Akiwa pale ameinamia rangi, umeme unakatika, na mwanga unaporudi Poppy hayupo. Mtoto anapatikana salama, lakini Lina haisahau ile hatia. Kutaka kuona kulimfanya asione. Tukio hilo napenda niwasomee vijana wanaodhani udadisi ni sifa njema siku zote, kama usafi.

Dunia ina mazoea ya zamani ya kumwadhibu binti anayefungua. Wagiriki walikuwa na Pandora, aliyefungua mtungi mabaya yakatoka duniani, mtungi ambao uligeuka sanduku katika tafsiri ya msomi Erasmus karne ya 16. Charles Perrault, Mfaransa, mwaka 1697 alichapisha kisa cha mume mwenye ndevu za buluu anayempa mkewe funguo zote za nyumba na kumkataza chumba kimoja tu. Mke anafungua, anakuta miili ya wake waliotangulia. Kisha Perrault anamalizia kwa beti za mafunzo zinazolaumu udadisi wa wanawake! Kila ninapokirudia kisa hicho nashangaa upya. Ndani ya chumba mna maiti, na mwenye kosa ni aliyefungua mlango. Kama asingefungua, angekufa hajui kinachomuua. Wasomaji wa Kurani wanajua kwamba katika kisa cha mti uliokatazwa Adamu na mkewe waliteleza wote wawili, lakini hata katika mitaa yetu ya pwani kuna simulizi za mdomo zinazombebesha Hawa peke yake. Mazoea yana nguvu kuliko maandiko.

Distopia za watu wazima za karne iliyopita zilirekebisha nusu tu. Mwaka 1953, katika Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, yumo binti wa karibu miaka 17 anayeitwa Clarisse McClellan. Anamuuliza jirani yake, mchoma vitabu aitwaye Montag, kama ana furaha, kisha anaingia ndani. Swali moja, na maisha ya mtu mzima yanaanza kupasuka. Baadaye mkuu wa kikosi anaeleza tatizo la binti yule: hakutaka kujua jambo linafanywaje, alitaka kujua kwa nini. Lakini Clarisse anatoweka mapema, inasemekana amegongwa na gari, na kitabu kinaendelea na Montag. Kazi yake ilikuwa kumwasha mwanamume kisha kuondoka njiani. Miaka minne kabla yake, mwaka 1949, katika Nineteen Eighty-Four, George Orwell alimpa shujaa wake Winston mpenzi anayeitwa Julia. Winston anapomsomea kwa sauti kile kitabu cha siri kinachoeleza mfumo mzima, Julia anapitiwa na usingizi. Julia ni mbishi kweli, anavunja sheria kila wiki, ila hajali zilitoka wapi. Tofauti ya ubishi na udadisi sijaiona ikiwekwa waziwazi zaidi ya kwenye kitanda kile.

Kwa hiyo kilichofanyika kwenye riwaya za vijana tangu miaka ya 2000 naweza kukisema hivi: walimchukua Clarisse wakampa kitabu kizima. Binti haji tena kumwamsha mtu. Yeye ndiye anayeamka, na sisi tunaona kwa macho yake.

Hili la macho yake lina upande wa sarufi ambao husahauliwa. The Hunger Games, pamoja na Divergent na Matched nitakazozifikia, zote zinasimuliwa kwa nafsi ya kwanza na kwa wakati uliopo: naingia, natazama, nasikia mlango ukifungwa. Sisi tuliolelewa na hadithi za bibi tumezoea -ka-: akaenda, akafungua, akaona. Ile -ka- ina ahadi ndani yake. Bibi anajua mwisho, na wewe unajua kwamba anajua, ndiyo maana unaweza kusinzia kabla hajafika. Msimulizi wa -na- hana ahadi hiyo. Hajui zaidi ya sentensi aliyomo, na msomaji hajui zaidi yake. Udadisi wa binti na udadisi wa msomaji unakuwa kitu kimoja. Hapo pia ndipo nadhani chanzo cha kosa la mpwa wangu kilipo: ni yeye aliyekuwa akitaka kujua, akadhani ni Katniss.

Sasa Beatrice Prior, ambaye baadaye anajiita Tris, katika Divergent ya Veronica Roth ya mwaka 2011. Huyu ni mdadisi kwa jina kabisa. Mji ni Chicago iliyochakaa, watu wamegawanywa makundi matano kwa tabia, naye amezaliwa katika kundi la Abnegation, watu wa kujikana nafsi. Nyumbani kwao kioo kimefichwa nyuma ya ubao wa kusogeza, na anaruhusiwa kusimama mbele yake siku moja tu katika kila miezi mitatu, mama anapomkata nywele. Kitabu kinafunguka hapo. Mama anakata, na binti anaiba jicho moja kwenye kioo. Si kwa majivuno, anatuambia. Ni kwa kutaka tu kujua, maana sura ya mtu inaweza kubadilika sana katika miezi mitatu. Jambo dogo kuliko hilo sijui lingekuwa lipi. Hatafuti siri ya serikali, anatafuta uso wake. Mezani watoto hawasemi mpaka waulizwe, na kuulizauliza kunahesabiwa kuwa ni kujipendelea nafsi. Pilipili iko karibu kiasi hicho.

Utata wa Divergent uko kwingine, na ndio unaonifanya nikiheshimu kitabu hicho kuliko wanavyokiheshimu wahakiki wengi. Kati ya makundi yale matano limo moja ambalo udadisi ndio sifa yake kuu: Erudite, kundi la wasomi. Na hao ndio wabaya wa hadithi. Kiongozi wao, Jeanine Matthews, anatumia elimu kutengeneza dawa inayowageuza askari wa kundi jingine kuwa vidude vya kuongozwa kwa mbali, waende kuua watu wa Abnegation. Caleb, kaka yake Tris, alikuwa akificha vitabu chumbani kama wengine wanavyoficha pombe. Anahamia Erudite, na katika kitabu cha pili anamsaliti dada yake. Basi udadisi uko pande zote mbili za bunduki. Kinachomtenga Tris na Jeanine si kiasi cha hamu ya kujua. Jeanine anataka kujua kuhusu watu, na akishajua anafunga mlango nyuma yake. Tris anataka watu wajue kuhusu wao wenyewe. Katika hicho kitabu cha pili, Insurgent, cha mwaka 2012, anaamua kwenda kuitafuta taarifa iliyofichwa pamoja na Marcus, baba aliyekuwa akimpiga mwanawe Tobias, mpenzi wa Tris. Anajua itamuumiza Tobias. Anakwenda. Taarifa inapatikana na kurushwa kwa wote, na imani kati yao wawili inavunjika. Roth hasemi alikosea au alipatia, nami nimebadilisha mawazo juu ya hilo kila niliporudia kusoma.

Cassia Reyes wa Matched, riwaya ya Ally Condie ya mwaka 2010, yeye haanzi na kiu yoyote. Ni mtoto mtiifu anayependa utaratibu. Jamii yake imemchagulia mume kwa hesabu, na kwa bahati ya ajabu mume huyo ni Xander, rafiki yake wa utotoni. Anapewa kadi ndogo yenye maelezo ya mchumba. Anapoitazama nyumbani, uso wa Xander unatokea, kioo kinakuwa cheusi, kisha kwa nukta chache unatokea uso mwingine: Ky, kijana mwingine wa mtaani kwao. Mtu wa serikali anakuja haraka kumtuliza. Anamwambia ni hitilafu, tena anamweleza kwa nini Ky asingeweza kuwa mume wa mtu. Hapo anaharibu mwenyewe. Kabla ya maelezo hayo, Cassia alikuwa ameona sura tu. Baada yake ana kipande cha habari ambacho majirani hawana, na pengo la Loewenstein limeshafunguka. Watawala wa riwaya hizi wana ugonjwa huu: hawawezi kunyamaza. Wangemwambia tu kwamba mashine imeharibika na kumwachia kadi mpya, hadithi ingeishia sura ya nne.

Katika jamii hiyo kamati ilichagua mashairi 100, nyimbo 100, picha 100, na mengine yote yakateketezwa. Watu wanakula chakula kilichopimwa na kufa wakifikisha miaka 80. Babu yake Cassia, siku zake zinapokwisha, anamwonyesha kwamba ndani ya kijikasha cha poda cha kale mna karatasi yenye mashairi ambayo hayamo katika yale 100. Cassia anayakariri. Lakini ninachokikumbuka mimi ni fimbo. Hakuna anayejua kuandika kwa mkono. Maneno yote hutoka kwenye vifaa vya serikali. Ky anajua, naye anamfundisha porini, akichora herufi kwenye udongo kwa kijiti na kuzifuta kwa mguu. Binti wa miaka 17 anajifunza kuandika jina lake kama mtoto wa chekechea. Swali limehama. Mwanzo lilikuwa "yule kijana ni nani?" na sasa ni "mimi ningesema nini kama maneno yangekuwa yangu?"

Uglies ya Scott Westerfeld, ya 2005, nitaipita haraka ingawa wazo lake linatisha kuliko yote. Kila mtu hupasuliwa akifikisha miaka 16 awe mrembo, na Tally Youngblood anaisubiri siku hiyo kwa hamu. Katika upasuaji huohuo ubongo nao huguswa, watu wakatoka wapole, wasio na maswali. Hapa udadisi haukatazwi wala hausahauliwi, unakatwa kwa kisu. Ila tuwe wakweli, aliyegundua siri hiyo si Tally. Ni Maddy, daktari, mtu mzima, aliyekuwa akipitia takwimu za wagonjwa kazini kwake akaona jambo lisilokaa sawa. Riwaya za vijana zina tabia ya kusahau kwamba wanawake wa makamo nao huuliza, na mara nyingi huuliza vizuri zaidi kwa sababu mafaili yako mikononi mwao.

Hii inanirudisha kwa Katniss na televisheni yake. Katika Catching Fire, kitabu cha pili, cha 2009, anakutana porini na wakimbizi wawili kutoka Wilaya ya 8: Twill, mwalimu, na Bonnie, mwanafunzi wake. Wanaelekea Wilaya ya 13, ambayo kila mtu anajua iliteketezwa zamani na imebaki magofu yanayofuka moshi. Televisheni huyaonyesha magofu hayo mara kwa mara. Twill anamwambia: tazama vizuri, picha ni ileile ya miaka yote. Juu, kwenye pembe ya kulia, ndege aina ya mockingjay hupita, na ni ndege yuleyule kila mara.

Katniss hawaamini sana. Anawaonea huruma, anawafundisha kidogo kuwinda, anawaacha. Ila baadaye, akiwa nyumbani amelala na kisigino kilichovunjika, televisheni inaonyesha Wilaya ya 13. Mtangazaji amevaa nguo za kujikinga, magofu yako nyuma yake. Na kabla picha haijakatika, pembeni juu, ubawa unapita.

Amekuwa akiitazama picha ile maisha yake yote. Sasa ina tundu. Na mwenye jicho la kwanza lililoliona tundu lile alikuwa mwalimu wa shule mwenye njaa, ambaye ana kurasa chache tu katika kitabu kizima. Katniss hana udadisi wa kuzaliwa nao. Aliambukizwa, kwa sentensi moja, kando ya moto, na mtu ambaye hatamwona tena. Nilimwandikia mpwa wangu hayo, akajibu kwa alama tatu za mshangao na ombi la kuongezewa muda.

Nikamwongezea na kazi. Nilimtumia nakala yangu ya Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert ya mwaka 1951, ambayo ni nchi ya angani na, kwa maoni yangu, distopia kamili kabla neno hilo halijatufikia. Hata jina lake limebeba kazi ya raia: kusadiki. Kijana Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, yaani kuwapa watu njia ya kuhoji. Anajitetea mahakamani kwa kusimulia habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma pande sita kwenda kuona jinsi wengine wanavyoishi. Walikwenda, waliteseka njiani, wakarudi na mambo mazuri ya kuiga. Kila mmoja, aliporudi na alichokiona, alitiwa gerezani. Nchi iliwatuma wakatazame, kisha ikawafunga kwa kuwa walitazama. Lina, Cassia na Tris wangeuelewa utaratibu huo bila mkalimani.

Nilidhani mpwa wangu atanijibu kuhusu Majivuno, ambaye ndiye kila mwanafunzi humchukia kwanza. Badala yake, usiku ule saa nne na kitu, ikaingia sauti nyingine. Alikuwa akinong'ona, bila shaka mama yake alishamwambia aweke simu. "Shangazi, wajumbe wote sita ni wanaume. Dada zao walibaki kufanya nini huko nyumbani? Hakuna aliyewauliza walichokiona wao?"

Nikafungua kitabu kutafuta, nikakifunga. Nikamwambia ile insha ya Katniss aikabidhi kama ilivyo, na hili aliandike kwenye daftari jingine kabla hajalala.